Miji Mitano ya Bonde la M'Zab

Fungua ramani ya Afrika, msomaji wangu, uweke kidole juu ya mji wa Algiers kando ya bahari ya Mediterania, kisha ukishushe taratibu kuelekea kusini. Utayapita mashamba ya ngano, utapanda milima, utashuka katika nyanda za malisho makavu, na baada ya mwendo wa kilometa 600 hivi utafika mahali ambapo ramani haina tena rangi ya kijani. Hapo ndipo lilipo bonde la M'Zab. Nchi inayolizunguka ni uwanda wa mawe matupu, nao Waarabu waliuita Chebka, maana yake wavu, kwa sababu mabonde makavu yameukata huku na huku hata ukawa kama wavu wa mvuvi uliotandazwa chini. Katika tundu moja la wavu huo, kwa urefu wa kilometa 10 hivi, watu wamejenga miji mitano: El Atteuf, Bou Noura, Melika, Beni Isguen na Ghardaïa.

Bonde lina mto, lakini usidhani kuwa mto huo una maji. Kwa muda mrefu wa mwaka ni njia ya mchanga na mawe, na pengine hupita miaka kadhaa pasipo tone kutiririka ndani yake. Kisha siku moja mvua hunyesha mbali, mahali pasipoonekana, na maji hushuka kwa kishindo, yakapita kwa saa chache na kutoweka. Joto la kiangazi huko ni kali mno. Udongo ni haba. Basi ni haki yako kuuliza: ni watu gani hao waliochagua kukaa mahali kama hapo, na wamewezaje kudumu miaka elfu moja?

Jibu la swali la kwanza linaanzia mbali. Katika karne ya 7, baada ya kufariki Mtume Muhammad, Waislamu walihitilafiana juu ya nani afaaye kuwaongoza. Miongoni mwa makundi yaliyotokana na hitilafu hiyo ni Maibadhi, ambao walishika neno hili, kwamba Mwislamu yeyote mwadilifu na mwenye elimu aweza kuwa imamu, awe wa kabila lo lote. Neno hilo liliwapendeza sana Waberberi wa Afrika ya Kaskazini, ambao wao wenyewe hujiita Waamazigh, kwa kuwa walikuwa wamechoka kutawaliwa na magavana waliowadharau. Katika karne ya 8 mtu mmoja mwenye asili ya Uajemi, Abd al-Rahman ibn Rustam, alifanywa imamu wao, na mji wake wa Tahert, katika nchi ambayo leo ni Algeria, ukawa makao ya dola yenye wanachuoni wengi na wafanyabiashara waliosafiri hata ng'ambo ya jangwa. Dola hiyo ilianguka mwaka 909, jeshi la Wafatimi lilipouteka Tahert. Waliookoka walikimbilia kusini, wakakaa Sedrata, karibu na Ouargla, na baadaye pale nako pakaachwa, na mchanga ukayafunika majumba yake.

Watu hupenda kusimulia kwamba wakimbizi hao walifika M'Zab wakakuta bonde tupu lililokuwa likiwangoja. Sivyo ilivyokuwa. Walikuwako tayari Waberberi waliofuata mafundisho mengine ya dini, na mwanzoni mwa karne ya 11 mwanachuoni wa Kiibadhi, Abu Abdallah Muhammad ibn Bakr, aliwaendea na kuwafundisha mpaka wengi wao wakaifuata njia yake. Kwa hiyo wenyeji na wageni waliungana, na mchanganyiko huo ndio uliozaa Wamzabi. El Atteuf, mji wa kwanza, hutajwa kuwa ulianzishwa mwaka 1012, na kabla ya mwaka 1350 kupita yote mitano ilikuwa imesimama. Miji miwili zaidi, Guerrara na Berriane, ilianzishwa nje ya bonde katika karne ya 17.

Sasa niruhusu nikuonyeshe mji mmoja ulivyopangwa, maana hapo utaanza kuona jibu la swali la pili. Kila mji umejengwa juu ya kilima cha mwamba. Kileleni upo msikiti, na mnara wake ni mnene chini na mwembamba juu. Zamani msikiti huo ulikuwa pia ghala ya nafaka na ya silaha, na kimbilio la mwisho endapo adui angevunja ukuta. Nyumba zinauzunguka duara baada ya duara, zikishuka mpaka ukutani. Soko halikuwekwa katikati ya mji bali ukingoni, ili mgeni auze, anunue na kwenda zake bila kupita mbele ya milango ya watu. Nyumba zinageukia ndani, kwenye ua mdogo unaopata mwanga kutoka juu, na ukipita kwenye vichochoro huoni ila kuta. Tazama zaidi: hapana nyumba iliyo ndefu kupita kiasi, kwa kuwa sheria ilimkataza mtu kumzibia jirani yake jua. Wala hukuweza kumtambua tajiri kwa mlango wake. Kujionyesha kulihesabiwa kuwa aibu, na hata misikiti haina nakshi wala marumaru. Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri, alipolizuru bonde hilo mwaka 1931 alichora majengo yake katika daftari kwa mshangao mkubwa. Alivutwa na uzuri wa vitu ambavyo waliovijenga hawakuwa wakitafuta uzuri.

Kilima kiliachiwa nyumba kwa sababu nzito. Ardhi ya chini, penye udongo, ilikuwa ya mitende, na penye mkondo wa mto hapakuwa pa mtu yeyote. Kumbuka jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Mtende mmoja hutaka maji mengi, nao haukuota bondeni kwa hiari yake. Kila mmoja ulipandwa na kunyweshwa kwa mkono wa mtu. Wamzabi walichimba visima kwa maelfu, vingine vikipita makumi ya meta ndani ya mwamba, tena kwa sururu na patasi tu. Maji yalitolewa kwa ndoo kubwa ya ngozi yenye shingo ndefu chini yake, mfano wa mkono wa kanzu. Kamba mbili ziliifunga, moja nene kwenye mdomo wa ndoo na moja nyembamba kwenye ile shingo. Mnyama, punda au nyumbu au ngamia, alizivuta kamba hizo akishuka njia ya mteremko ambayo urefu wake ulikuwa sawa na kina cha kisima. Alipofika mwisho wa njia, ndoo ilikuwa imefika juu, ile shingo ikalala chini, na maji yakajimimina yenyewe ndani ya birika. Mnyama akageuzwa, akapanda, ndoo ikashuka tena. Hivyo mchana kutwa, na mara nyingi usiku, na sauti ya makapi ikilia bondeni kote. Ukitaka kujua tende ilikuwa na thamani gani kwa watu hao, hesabu nyayo za punda.

Lakini kisima huchota tu kile kilichoingia ardhini, na chini ya ardhi ya M'Zab maji yasingetosha kama mafuriko yangeachwa yapite yaende zake. Hapo ndipo akili ya wazee wa bonde ilipofanya kazi yake kubwa. Juu ya bustani za Ghardaïa walijenga kuta na mifereji ya kuyapokea maji ya mto yanaposhuka. Maji hayo yaligawanywa na ukuta wenye matundu yaliyopimwa, yakapita chini ya ardhi na katika vichochoro vya bustani, ambavyo ni njia za watu wakati wa ukame na mifereji wakati wa mafuriko. Chini ya ukuta wa kila bustani pana mlango mdogo wa maji, na ukubwa wake ulikadiriwa kwa hesabu ya mitende iliyomo. Mwenye mitende michache alipata tundu dogo, mwenye mingi alipata kubwa, na hapana aliyepata zaidi kwa sababu ya ukoo wake au fedha zake. Kuutanua mlango wako kwa siri kulikuwa ni wizi, tena wizi wa kuwaibia majirani wote kwa mkupuo mmoja. Maji yaliyobaki yaliendelea mpaka kwenye mabwawa, na huko yaliachwa yatulie na kunywea ardhini polepole, yakivijaza visima kutoka chini. Walikuwako wasimamizi waliochaguliwa kuangalia mafuriko, na minara ya walinzi ambayo iliweza kutoa habari ya maji yanayokuja, kama ilivyotoa habari ya maadui.

Mimi ni mwalimu wa historia, na wanafunzi wangu wakinitaka niwaonyeshe serikali ni nini, huwa nawachorea mfereji huu ubaoni kabla ya kutaja mfalme yeyote. Matundu yale yalikuwa sheria iliyoandikwa kwa mawe, na kila mtu angeweza kuisoma, hata asiyejua herufi.

Nani basi aliishika sheria hiyo? Kila mji ulikuwa na baraza la wanachuoni wa msikiti, liitwalo Azzaba. Aghalabu wajumbe wake walikuwa 12, na miongoni mwao alikuwamo imamu, mwadhini, walimu wa watoto, waosha maiti, na wasimamizi wa mali ya wakfu. Kando yake lilikuwako baraza la wazee wa koo lililoshughulikia mambo ya kawaida, na juu ya miji yote likawako baraza kuu lililopewa jina la Ammi Said, mwanachuoni aliyetoka kisiwa cha Djerba katika karne ya 15. Azzaba halikuwa na jeshi. Silaha yake ilikuwa ni kumtenga mtu. Aliyetengwa hakuzungumzishwa, hakualikwa, wala hakuuziwa kitu, mpaka asimame msikitini mbele ya watu wote na kutubu. Wewe uliyezoea mji mkubwa huenda ukaiona adhabu hiyo kuwa ndogo. Fikiri tena juu ya mtu anayeishi katika bonde ambalo nje yake ni mawe tu.

Baraza hilo lilipanga pia kiasi cha mahari, likakataza harusi za gharama kubwa na mapambo yaliyopita kiasi, ili kijana maskini asikose mke na baba asijitie katika deni. Uamuzi huo nausifu. Uamuzi mwingine siwezi kuusifu. Kwa kuwa tende na mboga hazikuweza kulisha watu wote, wanaume wa M'Zab walikwenda tangu zamani katika miji ya kaskazini, Algiers na mingineyo, wakafungua maduka ya vyakula na nguo, wakasifika kwa uaminifu na kwa kubana matumizi. Fedha walizopata zilichimba visima na kutengeneza mabwawa. Lakini ilikatazwa mwanamke wa Kimzabi kutoka bondeni. Mume aliondoka mwaka mmoja, au miwili, au zaidi, na mke alibaki akilea watoto na kufuma mazulia ya sufu. Ndiyo maana kila mwanamume alirudi, na ndiyo maana jamii haikutawanyika. Hata hivyo yapasa kuuliza ni nani aliyelipa gharama ya umoja huo. Mwanamke wa Kifaransa, Amélie-Marie Goichon, alichapisha kitabu mwaka 1927 juu ya maisha ya wanawake wa bonde, na katika kazi kama hiyo twajifunza kwamba wanawake nao walikuwa na baraza lao, la waosha maiti wa kike, ambalo wanawake wenzao waliliheshimu na kuliogopa. Siku hizi wasichana wa M'Zab husoma mpaka vyuo vikuu, na katazo lile la kale limepungua nguvu.

Labda unadhani kwamba mambo haya yote yako mbali nasi. Yako karibu kuliko udhanivyo. Masultani wa Unguja, ambao bendera yao ilipepea Mombasa na Lamu, walikuwa Maibadhi kutoka Oman, yaani ndugu wa madhehebu ya watu wa M'Zab. Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, aliweka Unguja matbaa ya kupigia chapa vitabu vya Kiarabu. Wakati huo huo alikuwako Beni Isguen mwanachuoni mkubwa, Muhammad ibn Yusuf Atfayyish, aliyefariki mwaka 1914 baada ya kuandika vitabu vingi mno. Tafsiri yake ya Kurani, iitwayo Himyan al-Zad, ilipigwa chapa Unguja. Basi maneno yaliyoandikwa kwa wino katika bonde la mawe la Sahara yalivuka bara na bahari, yakapata karatasi katika kisiwa cha karafuu, yakarudi yakiwa kitabu. Siku hizo hapakuwa na njia ya ndege wala simu ya mkononi.

Kwa wakati huo Wafaransa walikuwa wamekwisha kufika. Baada ya kuuteka Laghouat mwishoni mwa mwaka 1852, walifanya mkataba na Wamzabi mwaka 1853. Wamzabi wangelipa kodi na kuachiwa mambo yao ya ndani. Mkataba ulidumu miaka 29. Mwaka 1882 Ufaransa ililitwaa bonde lote, na jeshi likakaa Ghardaïa. Wakati wa kupigania uhuru bonde nalo lilikuwa na sehemu yake, na maneno ya wimbo wa taifa wa Algeria, Kassaman, yalitungwa na mshairi Moufdi Zakaria, mzaliwa wa Beni Isguen. Uhuru ulipatikana mwaka 1962. Mwaka huo huo Wayahudi wa Ghardaïa, waliokaa humo karne nyingi na kujulikana kwa ufundi wa vito na madini, waliondoka.

Kilichoigeuza M'Zab zaidi ya bendera ni maji na gesi. Katikati ya karne ya 20 mitambo ilichimba visima virefu sana mpaka kwenye maji ya kale yaliyolala chini kabisa ya Sahara, na maji yakapanda bila punda. Mwaka 1956 gesi nyingi iligunduliwa Hassi R'Mel, si mbali na bonde. Barabara zikaja, kazi zikaja, watu wakaja. Ile nafasi iliyokuwa baina ya miji mitano ikajaa nyumba, na Ghardaïa ukawa mji mkuu wa mkoa. Mwaka 1982 bonde liliandikwa na UNESCO miongoni mwa mahali pa urithi wa dunia, lakini maandishi hayawezi kumzuia mtu anayetafuta kiwanja. Wengine walijenga katikati ya mitende. Wengine walijenga katika mkondo wenyewe wa mto, pale nilipokuambia hapakuwa pa mtu yeyote. Mto ulikuwa mkavu, na maji ya mfereji yalipatikana kila siku. Ni nani aliyekuwa na haja ya kumsikiliza msimamizi wa mafuriko?

Tarehe 1 Oktoba 2008, wakati wa sikukuu ya Idi, mto ulishuka. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba nyingi mno zilibomoka au kuharibika, hasa za maeneo ya chini. Miji ya kale juu ya vilima ilisimama.

Miaka iliyofuata ilileta huzuni ya namna nyingine. Bonde halikukaliwa na Wamzabi peke yao. Waarabu wa madhehebu ya Maliki wameishi humo pia kwa vizazi vingi, na baina ya majirani hao palikuwa na biashara na mapatano, na pia kutoaminiana. Ardhi ilipokuwa adimu na vijana wengi kukosa kazi, kule kutoaminiana kukawa moto. Kuanzia mwaka 2013 palitokea mapigano ya mara kwa mara, maduka yakachomwa, na Julai 2015 watu zaidi ya 20 waliuawa kwa siku chache, wengi wao Guerrara. Nalitaja jambo hili kwa sababu umesoma habari za matundu ya maji yaliyopimwa kwa haki, nawe ungeweza kudhani kwamba watu wa namna hiyo hawagombani. Ugumu wa karne yetu ni kwamba mtu hawezi kuipima kazi au kiwanja cha nyumba kwa njia ile ile iliyopimia mafuriko, na chombo kipya cha kupimia hakijapatikana.

Hata hivyo wako waliojaribu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu wa Beni Isguen walianza kujenga mtaa mpya, Tafilelt, juu ya kilima cha mawe kilicho karibu na mji wao. Lengo lilikuwa kuwapa makao watu wa kipato kidogo, na bustani za bondeni zisiguswe. Wenye kupata nyumba walichangia fedha, na pia kazi ya mikono yao. Njia ni nyembamba, ili kuta zipeane kivuli, na kila nyumba ina ua wake kama za kale. Mnamo mwaka 2016 mtaa huo ulitunukiwa tuzo huko Marrakech, wakati wa mkutano wa mataifa juu ya tabia ya nchi. Kila familia inayohamia Tafilelt hutakiwa kupanda na kutunza miti mitatu: mtende mmoja, mti mmoja wa matunda, na mmoja wa pambo.